Hereni Kumi na Nne

Kila mtu katika kituo cha utafiti cha Lusangha aliijua kanuni ile, kuanzia mkuu wa kituo hadi mfagiaji: ng'ombe jike hachomwi dawa ya joto kabla ya mkono wa binadamu kuingia ndani yake na kuthibitisha kwamba hana mimba. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao uliopigiliwa juu ya kibanio, ule ujia mwembamba wa magogo wanamobanwa ng'ombe ili wapimwe. Wasiojua kusoma waliijua kwa kusikia. Sababu yake nayo haikuwa siri. Dawa hiyo huyeyusha uvimbe mdogo wa njano unaoota juu ya ovari, na uvimbe huo ndio unaoishikilia mimba changa. Ukiyeyuka kwa ng'ombe mtupu, huingia kwenye joto baada ya siku tatu na kumtafuta dume. Ukiyeyuka kwa ng'ombe mwenye mimba, huitupa.

Jumatatu asubuhi Inspekta Emiliana Matonya alisimama chini ya ubao huo, akitazama turubai la bluu lililotandazwa vumbini. Juu yake walilazwa ndama kumi na mmoja ambao hawakuwahi kuzaliwa. Mdogo kabisa alikuwa kama panya wa shambani, na mkubwa kama paka. Hawakuwa na manyoya, lakini kwato zao zilikuwa zimekwisha kuumbika, nyeupe na laini kama kucha za mtoto mchanga.

Inspekta alikuwa ametumikia miaka minane katika kikosi cha kuzuia wizi wa mifugo. Alikuwa ameona mizoga mingi na vilio vingi kuliko mizoga. Hakuwahi kuona jambo aliloliona asubuhi hiyo: wafugaji arobaini hivi wa kijiji cha Mlali, wanaume kwa wanawake, wamezunguka turubai na hakuna hata mmoja anayesema neno. Mzee mmoja alikuwa amevua kofia na kusahau kwamba ameishika. Ilimponyoka mkononi, na hakuiokota.

Mtu mmoja alikuwa tayari mahabusu kwa ajili ya jambo hilo. Zablon Chiwanga, mchungaji wa kituo, alikamatwa alfajiri ya siku hiyo kwa hati aliyoitia sahihi Inspekta Emiliana mwenyewe. Kesho yake, saa tatu asubuhi, angefikishwa mahakamani Kongwa kwa kosa la kuua mifugo ya watu kwa sumu. Wazee wa kijiji hawakutaka kuingoja mahakama. Walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba akifikishwa huko, nyumba yake itahama Mlali na haitarudi. Ushahidi ulikuwa kibuyu chenye unga mweupe na maneno ya Dokta Octavian, mtafiti mkuu, kwamba alimwona Zablon akiwalisha ng'ombe unga huo Alhamisi jioni. Ijumaa alfajiri ng'ombe wa kwanza alitupa mimba. Kufikia Jumapili walikuwa kumi na mmoja.

Dokta Octavian alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye sauti ya kufundishia. Alimweleza Inspekta, bila haraka, kwamba utafiti wake ulihusu ovari za ng'ombe wa kienyeji: jinsi zinavyosimama kufanya kazi wakati wa kiangazi kikali na jinsi zinavyoamka. Wanakijiji walikuwa wamekiazimisha kituo ng'ombe thelathini mwezi Juni. Wote walipimwa kwa mkono wakaonekana hawana mimba, wakavishwa hereni za namba masikioni. Tangu hapo damu yao ilichukuliwa kila Jumatatu na Alhamisi alfajiri, ikapimwa homoni. Kwa nini ng'ombe waliothibitishwa kuwa watupu wametupa mimba, alisema, hata yeye alishangaa. Bila shaka dume la jirani liliingia zizini kwa uzembe wa Zablon, kisha Zablon akaogopa, akawapa dawa za miti shamba ili kuficha. Au ulikuwa ugonjwa wa kutupa mimba. Majibu ya damu yangesema.

Inspekta alizunguka turubai mara ya pili. Kisha akaenda zizini na kuwatazama ng'ombe mmoja mmoja, ubavu na sikio. Aliporudi aliuliza swali moja.

"Dokta, ugonjwa wa kutupa mimba huwapata wenye mimba za miezi mingapi?"

"Kwa kawaida mitano na kuzidi. Mimba kubwa."

"Hawa je?"

Dokta Octavian alitazama turubai kana kwamba ndiyo kwanza analiona. "Miwili. Mitatu. Minne."

"Na kule zizini kuna watatu wenye matumbo makubwa, zaidi ya miezi mitano, na hakuna hata mmoja aliyetupa. Ugonjwa huu umepita kwa wakubwa bila kuwagusa, ukawaangamiza wadogo." Hakungoja jibu. "Jambo la pili. Wale watatu, pamoja na hawa kumi na mmoja waliotupa, hereni zao zimefungwa kwa waya. Nyingine zote zimeshikwa na vifungo vya kiwandani."

Dokta alijibu kwamba hereni hukatika kwenye miiba, na mchungaji huzifunga upya kwa waya. Jibu lilikuwa la maana. Lakini ajuza mmoja aliyekuwa amesimama nyuma, amejifunga kaniki, alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Huyo alikuwa Ruthu, mjane, ambaye mtamba wake mwekundu alikuwa miongoni mwa waliotupa. Inspekta alimwendea, akamwamkia shikamoo, na bibi akaitikia marahaba, kisha akaongeza salamu ya Kigogo kwa kuwa aliuona uso wa Inspekta ni wa nyumbani.

"Mwanangu, miiba gani hiyo inayochagua wenye mimba tu?" aliuliza Ruthu. "Daktari wetu anajua namba. Hao ng'ombe, yeye hawajui. Yule mwekundu wangu sikumleta Juni. Nimemleta Agosti."

Inspekta aligeuka kumtazama Dokta Octavian. Rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika.

Kabla ya kuondoka, Inspekta aliomba kuonyeshwa sanduku la dawa ya joto. Lilikuwa katika jokofu dogo ofisini, limefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Dokta. Kulingana na maandishi ya sanduku, chupa zilikuwa tatu, na kila chupa hutosha ng'ombe kumi. Moja ilikuwa haijafunguliwa. Moja ilikuwa imefunguliwa, na ndani yake imesalia dawa ya ng'ombe sita. Ya tatu haikuwamo.

"Chupa nzima ni kumi, na hapa wamepungua wanne," alisema Inspekta. "Kumi na wanne."

Dokta alieleza kwamba chupa moja ilivunjika mwezi Julai, na nyingine aliifungua kuwafundishia wanafunzi. Halafu, baada ya kufikiri, akasema jambo ambalo hakuulizwa: chumba hicho hufagiliwa na Zablon, na mara nyingine yeye huusahau ufunguo mezani.

Zablon alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye magoti yaliyozidi kimo cha benchi alilokalia katika kituo cha polisi. Alisimama Inspekta alipoingia, akamwamkia kwa heshima, akabaki wima mpaka alipoambiwa aketi. Kuhusu unga alijibu upesi: ulikuwa magadi, tena ya Jayantilal, muuza dawa za mifugo mjini Dodoma, kila kiangazi huwapa ng'ombe walambe. Kuhusu chupa alisema hajapata kuigusa. Inspekta akamuuliza nani alifunga hereni kwa waya.

"Mimi, afande."

"Zilikatika?"

"Hapana. Nilizikata."

Koplo aliyekuwa anaandika maelezo aliinua kalamu. Inspekta mwenyewe, ambaye hakutegemea jibu hilo, aliweka kikombe chake cha chai mezani polepole sana.

"Zablon, fikiri kabla hujasema tena. Ulizikata hereni masikioni mwa ng'ombe gani, na ukamvika nani?"

Zablon alishangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kuelezwa kwa mtu aliyezaliwa Ugogoni. Ng'ombe wa mtu wakikaa kwenye zizi la mwingine, alisema, mwenyewe anaweza kumwita mmoja nyumbani wakati wowote, kwa mahari au kwa shida, mradi alete mwingine mahali pake. Anayekuja hushika nafasi ya aliyeondoka, hushika na jina lake. Ndivyo baba yake alivyotunza ng'ombe wa watu, na babu yake. Mwezi Agosti na Septemba, majani yalipokwisha Mlali, wenyewe walikuja kuwachukua ng'ombe watupu na kuleta wenye mimba, kwa sababu kituoni kulikuwa na majani makavu ya kuhifadhiwa na maji ya bomba, na ni nani asiyetaka mwenye mimba ale? Walibadilishwa kumi na wanne. Kila aliyeingia alipewa hereni ya aliyetoka. Thelathini waliingia, thelathini walibaki.

"Dokta hukumwambia?"

"Nimwambie nini, afande? Hesabu haikupungua."

Sasa Inspekta alilijua jambo moja lisilokuwa katika kitabu chochote cha kituo: kwamba namba kumi na nne zilizoandikwa kuwa ni za ng'ombe watupu zilikuwa zimevaliwa na ng'ombe wenye mimba. Na jambo hilo halikumwokoa Zablon. Lilimzamisha. Dawa ya ng'ombe kumi na wanne ilikuwa imetumika. Hereni kumi na nne zilikuwa zimehamishwa. Na mtu pekee aliyewajua hao kumi na wanne ni yeye, aliyefagia chumba chenye dawa. Koplo naye alikuwa ameliona, kwani alianza kuandika kwa kasi.

"Kuanzia Jumapili ya juzi, si hii ya jana, mpaka Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Buigiri. Binti yangu haoni. Anasoma katika shule ya wasioona pale. Alikuwa nyumbani kwa malaria. Nilimrudisha Jumapili baada ya ibada, na mwalimu akaniomba nikae naye siku chache, maana alikuwa bado dhaifu. Nilirudi Alhamisi, jua linazama. Niliwapa ng'ombe magadi, nikalala."

Simu ilipigwa Buigiri. Mwalimu wa zamu alithibitisha tarehe kutoka kitabu cha wageni, akaongeza, bila kuulizwa, kwamba baba huyo aliwatengenezea uzio wa kuku. Kisha akauliza kama kuna tatizo, kwa kuwa mtoto humtazamia baba yake kila mwisho wa mwezi. Inspekta alimjibu kwamba bado hajui. Hilo lilikuwa kweli. Zablon hakuwepo kituoni tangu Jumapili hadi Alhamisi jioni. Lakini Alhamisi jioni, usiku kucha, alikuwepo. Palihitajika kitu kimoja: kujua dawa iliingia lini katika miili ya ng'ombe wale. Na kitu hicho hakikuwa na shahidi, isipokuwa damu.

Mtaalamu wa maabara wa kituo aliitwa Angelina, msichana wa miaka ishirini na mitano, mwenye miwani mikubwa. Inspekta alimkuta anasugua sakafu ambayo tayari ilikuwa safi. Aliulizwa ilipo damu ya Jumatatu na ya Alhamisi ya wiki iliyopita. Akajibu, huku akitazama ndoo, kwamba Dokta alisema jokofu lilizima na damu ikaharibika, akaimwaga mwenyewe siku ya Ijumaa.

"Jokofu lilizima?"

Angelina aliendelea kusugua. Inspekta alivuta kigoda, akaketi, akamweleza kwa utaratibu kwamba kesho saa tatu mtu atapelekwa mahakamani, kwamba mtu huyo ana mtoto asiyeona, na kwamba yeye Inspekta ndiye aliyetia sahihi hati ya kumkamata na hawezi kuifuta kwa huruma, anahitaji ushahidi. Msichana aliweka brashi chini.

"Halikuzima, afande."

Maneno yaliyofuata yalimtoka kama mtu anayetapika. Wiki tatu nyuma, alipopima damu, aliona jambo la ajabu katika namba kumi na nne. Projesteroni, ile homoni inayotoka kwenye uvimbe wa njano, hupanda na kushuka kwa ng'ombe mtupu kila baada ya wiki tatu hivi, kama pumzi. Katika hao kumi na wanne ilipanda, kwa wengine Agosti na kwa wengine Septemba, na haikushuka tena. Alimwambia Dokta kwamba pengine wana mimba, wapimwe kwa mkono. Dokta alimwonyesha kitabu: wote ni watupu. Kisha macho yake yakaanza kung'aa. Alisema kwamba wamegundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika: kwamba kwa ng'ombe wa kienyeji ukame huugandisha uvimbe wa njano, ukakataa kuyeyuka. Tangu siku hiyo alikuwa anaandika karatasi ya kusoma mbele ya wataalamu mjini Dodoma mwezi Novemba.

"Jumanne alinituma Kongwa kununua glavu. Tulikuwa nazo glavu, boksi zima."

"Na Alhamisi alfajiri ulichukua damu kama kawaida?"

"Kama kawaida. Mirija miwili kwa kila ng'ombe. Mmoja wa kupima, mmoja wa akiba." Alivua miwani. "Umeme ulituharibia akiba ya Julai. Tangu hapo naipeleka mjini na basi siku hiyo hiyo, inakaa kwenye friji ya Jayantilal, ile ya chanjo. Ana jenereta. Dokta sikumwambia, angesema natoa mali ya kituo nje. Hakuniuliza, nami sikusema."

Inspekta alisimama. Mara ya mwisho kusimama kwa kasi namna hiyo alikuwa mwanafunzi chuoni, na askari wanafunzi wenzake walimcheka. Leo hakukuwa na wa kucheka.

Duka la Jayantilal lilikuwa katika mtaa wa sokoni Dodoma, na harufu yake ya dawa za kupe ilimfikia mtu kabla ya kibao chake. Mzee huyo alizaliwa mjini humo, akaoa mjini humo, na alijua mifugo ya mkoa mzima kwa magonjwa yake. Alithibitisha magadi ya Zablon kwa kuyaonja kwa ncha ya ulimi. Lakini alipoombwa mirija, alisimama mbele ya friji, mikono ameiweka nyuma.

"Mimi ni friji tu, mama. Friji haitoi kitu bila mwenyewe kusema."

Inspekta alimwambia kwamba yeye ni polisi. Jayantilal alimjibu kwa upole kwamba hilo analiona kwa viatu. Hata hivyo msichana wa watu alimwachia amana. Ikabidi Angelina apigiwe simu, aseme kwa sauti yake, tena ataje rangi ya vizibo. Ndipo mzee alipofungua. Mirija ilikuwa safi, imepangwa kwa tarehe, imetenganishwa na chanjo za kuku kwa kipande cha boksi. Aliitoa kwa mikono miwili. Alipoambiwa kuhusu ndama kumi na mmoja, aliketi juu ya gunia la pumba na kubaki hapo, na mteja aliyeingia kutafuta dawa ya minyoo alisubiri, kisha akaondoka.

Saa kumi na moja jioni maabara moja ya mjini ilitoa majibu. Inspekta aliyasoma akiwa amesimama, akayasoma tena akiwa ameketi ndani ya gari. Jumatatu alfajiri, hereni zote kumi na nne: projesteroni juu, kama wiki zote za nyuma. Alhamisi alfajiri, hereni kumi na moja: karibu sifuri. Hereni tatu: imeshuka nusu tu, kwa kuwa mimba iliyopita miezi mitano haitegemei tena ovari peke yake. Ng'ombe wengine kumi na sita hawakuguswa. Walikuwa wanapanda na kushuka kama kawaida yao.

Damu ilikuwa imesema. Dawa iliingia baada ya Jumatatu alfajiri na kabla ya Alhamisi alfajiri. Wakati huo Zablon alikuwa Buigiri, anajenga uzio wa kuku. Na aliyewachagua hao kumi na wanne hakuwachagua kwa waya masikioni. Aliwachagua kwa namba zilizoandikwa kwenye karatasi.

Dokta Octavian aliishi Miyuji, pembezoni mwa mji wa Dodoma, katika nyumba yenye ua mpana, na nyuma yake palikuwa na zizi la mitamba minne ya kisasa aliyoipenda kuliko kitu kingine chochote. Hilo lilijulikana hata kituoni. Inspekta alimkuta akiilisha, jua bado halijazama. Dokta alipoiona karatasi ya maabara mkononi mwa Inspekta, aliendelea kumwaga pumba mpaka ndoo ikawa tupu, na hata baada ya hapo aliendelea kuitikisa.

"Akiba ipo," alisema Inspekta.

"Akiba gani?"

"Ya Alhamisi. Vizibo vya kijani."

Dokta aliweka ndoo chini. Alijaribu kusema kwamba mirija yaweza kuchanganywa, kwamba maabara za mjini hazina viwango. Inspekta hakumbishia. Alimsomea namba za hereni, moja baada ya nyingine, kumi na nne zote, na mbele ya kila moja kiasi cha Jumatatu na kiasi cha Alhamisi. Alipofika namba ya tisa Dokta aliinua mkono.

"Inatosha, Inspekta."

"Kwa nini hukupima kwa mkono? Ubao uko juu ya kichwa chako pale kibanioni."

Mtamba mmoja alimlamba Dokta mkono, naye akamwachia.

"Ningepima, ningepata nini? Damu ilikuwa imekwisha kuniambia. Nilitaka tu dawa iuyeyushe ule uvimbe ulioganda, nione ng'ombe wakiamka. Wiki tatu nilikuwa mtu aliyegundua kitu. Miaka kumi na tisa nahesabu homoni za ng'ombe wa watu, Inspekta. Sikutaka mkono wangu uniambie kwamba nimekosea."

"Ulipoiona mimba ya kwanza iliyotupwa Ijumaa, ulijua?"

"Nilijua kabla haijagusa ardhi."

"Na Zablon?"

Hapo, kwa mara ya kwanza, Dokta Octavian alimtazama usoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji. "Alikuwa na kibuyu mkononi," alisema.

Inspekta alimweleza haki zake, akamwagiza koplo aandike. Zablon aliachiwa jioni hiyo hiyo, na Inspekta Emiliana akamrudishia mkanda na viatu kwa mikono yake mwenyewe, akamwomba radhi mbele ya askari wote wa kituo cha polisi. Zablon aliipokea radhi hiyo, akavaa viatu, kisha akauliza jambo moja: kama ni kweli kwamba kuhamisha kwake hereni ndiko kulikompotosha daktari. Inspekta angeweza kumficha. Hakumficha. Mchungaji alisimama hapo mlangoni muda mrefu, mkono mmoja kwenye fremu, kama mtu aliyesahau ni upande gani wa kwenda.

Sheria ya serikali ilichukua njia yake: Dokta alishtakiwa kwa kutoa maelezo ya uongo na kuharibu ushahidi, akaachiwa kwa dhamana, karatasi yake ya Novemba ikaondolewa. Kituo cha utafiti kilikubali kuwarudishia wenye ng'ombe hasara yao. Lakini Mlali ina mkutano wake, nao ulikaa Jumamosi penye kibanio. Zablon aliungama kwanza habari ya hereni. Wazee walimsikiliza, wakamwonya, wakaona ajali hiyo haikuwa na hila. Kuhusu Dokta, wengine walitaka asikanyage tena wilaya hiyo. Ruthu ndiye aliyewanyamazisha. Alisema kwamba mimba zilizotupwa zitalipwa na kituo, na dawa ni kosa la mikono. Uongo uliosemwa juu ya mtu hakuna kituo kinachoulipa. Huo aulipe aliyeusema, kwa kile anachokipenda, na kutoka barabara kuu akilete mwenyewe kwa kamba, si kwa gari.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, Dokta Octavian alishuka kwenye barabara kuu, akatembea kilomita tatu za vumbi, akivuta mtamba mmoja mweusi mwenye doa jeupe kifuani. Viatu vyake havikuwa safi tena. Watu walimpisha njia. Inspekta Emiliana alikuwa amesimama kando, bila sare. Dokta alifika mbele ya Zablon, akanyoosha mkono wenye kamba, akasema kwamba mtamba huyu ni wake tangu leo, na kwamba ana mimba.

Zablon hakuipokea kamba.

"Umejuaje, daktari?"

"Imeandikwa kwenye kadi yake."

Mtu mmoja nyuma aliguna. Zablon aliinua kidole, taratibu, akaonyesha ubao wenye maandishi mekundu.

"Pima kwanza. Kwa mkono."

Mtamba aliingizwa kibanioni. Angelina alileta glavu ndefu, ile ifikayo begani. Dokta Octavian alikunja shati lake jeupe, akavaa glavu, akaingiza mkono polepole, na macho yake yakawa ya mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Hakuna aliyesogea. Jasho lilimtiririka shingoni, mahali palipokuwa pakining'inia ufunguo. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Mimba," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Miezi minne."

"Sema wasikie," alisema Ruthu.

"Miezi minne. Yu hai."

Zablon aliipokea kamba kwa mikono miwili. Alimtoa mtamba kibanioni, akampapasa shingo, mkono ukapanda mpaka sikioni penye hereni ya kiwandani ambayo haijaguswa. Vidole vyake vilikaa juu ya kile kifungo kidogo. Kisha akaviondoa, akaiacha hereni mahali pake, akamvuta ng'ombe wake kuelekea nyumbani.